Redio ya Saa Moja Asubuhi

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize bila haraka. Ninyi mna simu mfukoni, huenda jambo hili mkaliona dogo. Mimi nilijifunza kwa mguu wa mtu mwingine.

Miaka ya sabini nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye zahanati ndogo upande wa Ushirombo. Mwalimu mmoja, aliyependa redio kama wengine wapendavyo mpira, alitufungia redio ya upepo, ile ya kuitana na kujibizana, ya kutumia betri ya gari. Tulikuwa vituo vinne: sisi, mwalimu mwenyewe, karani wa tumbaku kule Ushetu, na fundi mmoja wa Kahama aliyeishi jirani na hospitali. Hakuna aliyelipwa. Kila siku saa moja asubuhi tulisalimiana, na Wasukuma unatujua kwa salamu: watoto je, ng'ombe je, mvua je. Sauti zilikuja safi, utadhani mtu yuko chumba cha pili. Nikaamini kwamba nikiita, nitajibiwa.

Siku moja ya mvua, saa saba mchana, Masanja alimleta mdogo wake Shija kwa mkokoteni wa ng'ombe. Shimo la dhahabu lilikuwa limemporomokea, mguu umepondeka chini ya goti. Nilifunga jeraha, damu ikapungua, lakini alihitaji hospitali siku ileile.

"Dada, nichukue baiskeli nikasimamishe lori barabara kuu?" Masanja aliuliza.

"Tulia wewe. Kabla hujafika huko, gari la hospitali litakuwa hapa."

Nikaita. Radi ilikuwa mbali, lakini redio ilijaa mikwaruzo mitupu. Nikaita tena, na tena. Sikuwaza kwamba saa ile mwalimu yuko darasani, karani yuko kwa wakulima, fundi yuko juu ya paa la mtu, na redio zao zimezimwa kama ilivyokuwa kila mchana. Masanja aliuliza mara ya pili, nikamkaripia. Saa kumi betri ikaisha nguvu. Hapo ndipo nilipomwambia, kwa sauti ndogo, achukue baiskeli.

Lori la mbao lilimfikisha Shija Kahama jua limeshazama. Alipona, lakini mguu ulikatwa. Daktari aliniambia wazi kwamba zile saa tatu ndizo zilizouponza.

Nilipokwenda wodini kuwaona, Masanja alinipa kiti, kisha akasema, "Dada, kumbe lile sanduku lako linajua kusalimia tu."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Redio haikuwa na kosa, mwanangu, na wale watu walikuwa wema kweli. Kosa lilikuwa langu: niliipima asubuhi, wakati anga imetulia na kila mtu yuko tayari kwenye kiti chake. Shida haifuati ratiba ya salamu. Anayekusaidia kwa hiari ana kazi zake pia, nawe huna haki ya kudhani yupo. Baadaye tulianza kujaribu redio mchana na wakati wa mvua, tukaandika ukutani nani husikiliza saa ngapi. Nafasi za saa nyingi zilibaki wazi, na kuziona wazi kulitusaidia: tulijua saa zipi hakuna wa kutujibu.

Mungu akupe moyo mtulivu siku watu watakapokutegemea. Siku hiyo, mtume mtu njiani kwanza, halafu ndipo uite.