Mjane Aliyeitwa Mbele

Mzee wa kanisa alilia niliposoma sura ya askari. Alikuwa mhandisi mstaafu, Mtanzania mwenzangu, na ndiye aliyeongoza ibada yetu ya Kiswahili ya kila mwezi katika ukumbi wa kuazima kule Bredäng, pembezoni mwa mji wa Ulaya tunakoishi. Baada ya chai alikuwa akinipa nafasi niwasomee watu riwaya yangu, sura moja kila mara. Niliiandika ndani ya treni, nikienda na kurudi kazini, maana nakaa Märsta na nasafisha ofisi Sundbyberg.

Hadithi ni ya mji huuhuu, karne nyingi zilizopita, ulipozingirwa na jeshi la adui. Askari wa kukodiwa anachoma kanisa huku watu wamekimbilia ndani. Baadaye anajeruhiwa, na mjane mmoja muuza mikate anamficha ghalani kwake. Anamuuguza mpaka anapona, wanapendana, anamzalia mtoto. Vita vinapokwisha, askari anapiga magoti mbele ya kasisi, chumbani, mlango umefungwa, naye anasamehewa. Hapo ndipo mzee alipotoa leso.

Sura iliyofuata akaomba aione kwanza. Siku mbili hazikupita akanipigia simu. Alitaka mjane asimame mbele ya waumini na mtoto wake, atubu uzinzi, ndipo arudishwe kundini.

"Dada yangu, askari ametubu," akasema. "Na huyu naye atubu mbele za watu, ukombozi ukamilike."

Nikamuuliza mbona askari alitubia chumbani. Akasema yule ni mtu wa vita, ana mambo mazito moyoni. Nilicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

Mama yangu alisimamishwa. Jumapili moja, mimi nikiwa mgongoni mwake, aliitwa mbele ya usharika wetu kule nyumbani, akakiri kwamba amezaa nje ya ndoa. Baba yangu alikuwa amekaa na kwaya, upande wa besi. Hakuna aliyemwita. Haya nilisimuliwa na mama mdogo nikiwa mtu mzima. Mama mwenyewe hajawahi kuyataja. Ila hadi leo akiingia kanisani hukimbilia benchi la nyuma, na watu humsifu kwa unyenyekevu. Sifa hiyo hunichoma.

Mwezi ule mama alikuwa kwangu, amekuja kunitembelea. Nilitaka asikie, japo mara moja maishani, mwanamke akiitwa mbele na asiende. Kama mzee angeninyima nafasi ya kusoma, basi aninyime mama akishasikia.

Sikubadilisha hata neno. Jumapili ilipofika nikasimama, nikasoma. Kanisa halina paa, mawe bado yananuka moshi. Kasisi anamwita mjane. Mjane amekaa, ananyonyesha. Anasema, "Aliyelichoma kanisa hili mmemsamehe kwa siri. Mimi niliyewalisha wakati wa njaa, mnanitakia nini huko mbele?" Kasisi anamwita tena. Haendi. Na Mungu, niliandika, akamfuata palepale alipokaa.

Mzee akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao muda wa hadithi utakuwa wa kujifunza Biblia. Nilijua nimefukuzwa kistaarabu. Sikujuta, na sijajuta hadi leo.

Kisha akatuomba tusimame kwa baraka ya kufunga. Viti vikakwaruza sakafu, watu wakasimama, isipokuwa mama. Mama ana magoti mazima. Asubuhi ile alipanda ngazi za kituo akiniacha nyuma. Mzee akamsubiri, akidhani hakusikia, kisha akamwambia kwa heshima, "Mama, tusimame tupokee baraka."

"Nitaipokea hapahapa nilipokaa, baba," mama akasema.

Nikavuta kiti, nikaketi kando yake.