Kimya cha Mzee Hanpei

Setsuko Kuwabara aliingia televisheni ya Osaka kwa kubeba chai. Baadaye akapewa kushika mabango ya kuwahimiza wachekeshaji wafupishe. Alifokewa, akaitwa "we dada" na vijana aliowazidi umri, akavumilia, mpaka akawa mtayarishaji wa kipindi cha vichekesho cha Jumapili mchana.

Nguzo ya kipindi ilikuwa wazee wawili, Tokuji na Hanpei. Tokuji humwaga maneno kama mvua, kisha humtupia mwenzake swali. Hanpei hunyamaza. Humkodolea macho tu, na ukumbi mzima huangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Kimya kile walikitafuta ujana wao wote.

Mkurugenzi mpya kutoka Tokyo, Bwana Mizoguchi, alikifyeka kimya hicho. Setsuko akiwa kwenye msiba wa shangazi yake, aliwaamuru mafundi wakikate na kubandika vicheko vya mashine.

Setsuko alikuja kuona Jumapili, kibandani kwa mama Yae, muuza takoyaki, vitumbua vya pweza, kina mama wa mtaa wamejaa. Televisheni ilicheka kwa kishindo. Kibandani hakucheka mtu.

"Huyo anayecheka humo ni nani?" mama Yae aliuliza, kijiti cha kugeuzia kikiwa hewani. "Babu hata hajanyamaza!"

"Labda anatekenywa," akadakia jirani.

Mama Yae akachomoa peremende mfukoni, akamtia Setsuko mkononi kama mtu anayempa pole mfiwa. "Mwanangu, mmewafanya nini wazee wetu?"

Uso ulimwaka Setsuko. Kesho yake aliingia kwa Mizoguchi bila kubisha hodi, wazee wawili nyuma yake.

"Umewaibia kimya chao!"

"Bi Setsuko, watu wa siku hizi hawana subira. Kukiwa kimya wanahamia stesheni nyingine."

"Nani kakwambia? Watu wa Osaka waonyeshwe pa kuchekea? Wewe ndiye mama yao?"

"Kipindi ni cha stesheni. Hutaki, mlango ule pale."

"Basi futa jina langu! Sitaki mama Yae aone uchafu huu una jina langu."

Mizoguchi akamgeukia Hanpei, akalainisha sauti. "Mzee, wewe una busara. Utabaki, sivyo?"

Hanpei akamtazama. Akanyamaza.

Karani wa mlangoni alijiziba mdomo, akashindwa. Mafundi waliokuwa wakichungulia kutoka koridoni nao wakapasuka kwa kicheko. Mizoguchi akawa anageuza shingo huku na huku, hajui kinachochekwa.

Hanpei alichukua kofia yake, akatoka. Tokuji akafuata, na Setsuko akaufunga mlango kwa kishindo.