Kuku Alitangulia Kutembea

Ukimpeleka mgonjwa kwa mganga wa mifupa, usivae kitenge unachokipenda. Samli anayokandia imekaa miaka, inanuka, na haitoki hata ukiloweka usiku kucha. Beba na kuku jike mwenye afya. Mimi sikuambiwa ni wa nini. Nilidhani ni kitoweo cha mganga, nikachagua mtetea wangu mwekundu, yule mzuri, tusije tukaonekana wachoyo.

Mgonjwa alikuwa baba yangu. Ng'ombe wetu mmoja alikuwa amekwama ukingoni mwa duara la zamani huku kwetu upande wa Kharumwa, shimo ambalo wachimbaji waliliacha wazi dhahabu ilipoisha, na baba akamfuata na kamba. Ng'ombe alitoka. Baba akateleza akaingia, mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Nilitaka tumpeleke hospitali. Baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye neno lake nyumbani kwetu halijibiwi, akakataa. "Hospitali wanakata miguu ya watu," alisema. Na baba mwenyewe aliuogopa msumeno kuliko kifo. Mtu aliyeishi maisha yake yote nyuma ya ng'ombe, ukimkata mguu umembakizia nini? Basi tukamlaza nyuma ya pikipiki ya matairi matatu, tukaenda kwa mganga mmoja karibu na Masumbwe. Kila tulipokanyaga shimo, baba aliing'ata ile kamba ya ng'ombe.

Mganga alikuwa mtu mpole. Nasema hivyo kwa shingo upande, maana ningependa kumchukia bila shida. Aliitikia shikamoo zetu, akatupa pole ya safari, akamketisha baba mkekani. Akaupapasa mguu taratibu kuanzia vidoleni, macho ameyafumba. Nikadhani anaomba. Kisha akavuta. Baba alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Baada ya hapo ilikuja samli, zikaja banzi za mti, zikakazwa kwa kamba za magome. Ndipo akaomba kuku. Akamshika mtetea wangu, akamvunja mguu wa kulia kama anavyovunja mtu kijiti cha kuwashia moto, akaufunga na wenyewe banzi ndogo.

"Huyu na mzee watapona pamoja," alituambia. "Siku atakayokanyaga chini, na mzee aanze kunyanyuka. Asichinjwe."

Tukarudi nyumbani na wagonjwa wawili.

Baba mkubwa alikuja kila asubuhi, na alianzia kwa kuku. Alichuchumaa, akamtazama anavyochechemea, ndipo akaingia ndani kumjulia hali mdogo wake. Mwanzoni baba alisema mguu unawaka moto. Baadaye akasema hausikii kabisa, na baba mkubwa akafurahi, kwamba maumivu yameisha. Mimi niliviona vidole. Vilikuwa vimevimba na kuwa vyeusi kwenye kucha. Niliposhika kamba ili nilegeze, baba mkubwa alinipiga kofi mkononi.

"Ukilegeza, mfupa utaunga upande. Unataka baba yako awe kiwete?"

Kisha kuku akatembea. Alivuka uwanja mzima hadi kwenye jiko langu, na wanawake wakapiga vigelegele. Jirani mmoja alileta maziwa. Nikasema vidole vya baba vimekuwa vyeusi zaidi, na baba mkubwa akanijibu mbele ya watu wote, "Kuku ameshatembea, binti. Baba yako anadeka."

Baba aliona aibu. Huo ndio ukweli unaonichoma mpaka leo: mzee wa watu aliona aibu kushindwa na kuku. Akashika fimbo, akajaribu kusimama, akaanguka kifudifudi. Nilipomwinua nikasikia harufu. Haikuwa samli. Samli nilikuwa nimeshaizoea.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilitafuta gari, nikampakia baba, nikaondoka naye. Hospitali walifungua kamba, na muuguzi mmoja akageuza uso. Mguu ulikuwa umeoza hadi karibu na goti. Wakaukata juu ya goti, siku hiyohiyo.

Shuleni tuliimbishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulimsikia mkuu, tena kwa masikio yote mawili. Naye alipokuja wodini akasimama miguuni pa kitanda, pale shuka lilipolala chini upande mmoja, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Si niliwaambia hospitali wanakata?"

Nilikuwa na hasira ambayo, ningeifungua, isingefungika tena.

Tulipomrudisha baba nyumbani, nilishaamua kumchinja yule kuku. Nilikuwa nimenoa kisu. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, ng'ombe wanapita kwenda malishoni na mtu mwingine nyuma yao.

"Mayu," aliniita, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, "niletee huyo kuku kwanza."

Nikamletea. Akampakata kwenye paja la mguu uliobaki, akaukunjua ule mguu wa kulia, akaupapasa kuanzia kwenye vidole kwenda juu, taratibu, macho ameyafumba. Kuku alitulia tu.

"Umeunga vizuri," akasema, akamwachia, kuku akakimbia.