Bibi wa Kapu Dirishani

Garimoshi la mvuke la milimani Java lilipofufuliwa kwa ajili ya watalii, wachuuzi walipigwa marufuku. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza humo mboga za mchuzi wa karanga hakususa: hukata tiketi, akaketi dirishani, kapu mapajani. Injini ikianza kuhema mlimani, matawi ya msituni yakikwaruza mabehewa, vidole vyake vinavyonukia karanga hufungua majani ya mtiki aliyofungia mboga hizo, akawagawia jirani zake bure.

"Bibi, si tulisema hakuna kuuza humu?" kondakta Wiryo alifoka leo, akashika filimbi asimamishe garimoshi, amshushe porini.

"Nani kauza? Kwetu mtu hali peke yake wenzake wakimtazama." Akamnyooshea jani. "Kula, mwanangu, kisha unishushe."

Chakula cha mkubwa hakikataliwi. Filimbi ikabaki inaning'inia kifuani. Mdomo wa Wiryo umejaa, na bibi keshafungua jani la pili.