Zamu Yangu ya Maji

Juzi nilirudi nyumbani Mbulu, na baridi ikanilaki kabla ya watu. Binti wa dada yangu akanipokea begi. "Shikamoo, mama mdogo." Nikaitikia marahaba huku natazama chini. Amemaliza chuo cha kompyuta, anatafuta kazi, na mimi ndiye mkuu wa waandishi wa programu kwenye kampuni moja Arusha. Mwezi uliopita nilisema kikaoni, kwa mdomo wangu huu, kwamba tusiajiri tena wanaoanza. Kazi yao inafanywa na mashine za akili mnemba.

Rafiki yangu, ungejua nilivyoanza mimi! Mkoa wetu ndio kwanza ulikuwa umemegwa kutoka Arusha, maduka ya watu binafsi yanaota kila kona. Nyuma ya duka la kuchapa barua, mwalimu mmoja alifungua darasa la kompyuta. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya maji. Dada aliniambia, "Nenda, nitateka na yako," akashuka mtoni mara mbili, nami nikakimbilia darasani na makande ya moto kwenye kopo.

Mwalimu yule alikuwa na maneno, jamani! Umeme ukikatika tuliandika programu kwa penseli, naye akatusomea makosa yetu kwa sauti mpaka tukashika mbavu. Umeme ukirudi, ukamaliza programu yako, anamwita mama wa maandazi aje kuijaribu. "Akikwama huyu," alisema, "wewe hujamaliza." Siku ya kwanza sikujua hata pa kuwashia. Alicheka, akanivutia stuli karibu yake.

Siku hizi ofisini kwangu ni kimya. Vijana wameziba masikio, kila mmoja anaongea na mashine yake. Hakuna wa kumtania mwenzake, wala stuli ya mgeni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, bibi alizoea kusema. Nilidhani anawasema matajiri. Naona aibu, kwa sababu stuli ile nimeiondoa mimi.

Jioni dada akanipakulia makande. "Mtoto utaondoka naye, eti?"

Nikajaza mdomo makande.

"Anasema anaogopa hajui vya kutosha," dada akacheka. "Nikamwambia, hata mama yako mdogo alikuwa hajui kuwasha."

Nilikuwa bado natafuna binti aliposimama mlangoni, kanga kiunoni, mikono imelowa.

"Maji ya kuoga tayari, mama mdogo. Nimekutekea."