Nukta ya Madam Evelyne

Kwa miaka mingi, ukitaja Kiingereza katika ile shule ya msingi iliyo mlimani juu ya Dongobesh, ulikuwa unamtaja Madam Perpetua. Alizaliwa huko huko, akaolewa na Hhando, mkulima wa vitunguu saumu, na wazazi wengi wa wanafunzi wake aliwahi kuwafundisha yeye mwenyewe. Mwandiko wake ubaoni ulinyooka kama umepigiwa rula. Darasa la Nne walikaa kimya mbele yake wakinakili kanuni: sentensi huanza kwa herufi kubwa na kuisha kwa nukta, useme *she goes*, usiseme *she go*. Aliyekosea alinakili upya.

Kisha watoto wakaongezeka, Darasa la Nne likagawanywa mikondo miwili. Perpetua akabaki na A. Mkondo B akapewa Evelyne, binti mdogo aliyepangiwa kazi kutoka Kagera. Na kwa kuwa Mwalimu Mkuu hakupenda mtoto afundishwe na mzazi wake, Fransiska, kitindamimba wa Perpetua, akaangukia B.

"Shikamoo, Madam," Evelyne alimsalimu asubuhi ya kwanza, akikunja goti kidogo.

"Marahaba."

Ilikuwa salamu ya heshima, lakini Perpetua aliisikia kama mtu anayetajiwa umri wake mbele za watu.

Haukupita muda, ukuta uliotenganisha mikondo ukaanza kutikisika. Evelyne alikuwa akifundisha alama za uandishi kwa mwili. Watoto walisoma sentensi kwa sauti. Wakifika kwenye mkato wanachuchumaa kidogo na kuvuta pumzi, kwenye alama ya kuuliza wanakunja mkono juu ya kichwa, na kwenye nukta wanapiga mguu chini, puu! Watoto wa A waligeuza shingo kuelekea ukutani. Perpetua aligonga ubao kwa chaki hadi ikakatika.

Hilo angelivumilia. Lililomchoma lilikuwa la nyumbani. Jioni moja Fransiska aliongoza sala ya chakula, akasema "Amina" na kupiga mguu sakafuni. Hhando alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Madam Evelyne, baba. Amesema wazo likiisha, lifungiwe mlango."

"Huyo mwalimu kweli," Hhando alisema.

Perpetua hakula tena. Miaka yote aliyomfundisha mtoto huyo herufi jikoni, kwa kijiti kwenye majivu, hakuwahi kumsikia Hhando akisema hivyo.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu. "Kelele za B zinawaharibia wangu," alisema. "Watoto watafeli upimaji." Kelele zilikuwepo kweli, ndiyo maana ulimi haukumkwama. Mkuu akamwita Evelyne, akamwambia somo si ngoma. Evelyne akaitikia, "Sawa, mwalimu," na tangu siku hiyo B kukawa kimya.

Perpetua alifurahia ukimya ule. Alitembea koridoni taratibu akiusikiliza. Nyumbani, Fransiska alirudi amenuna. "Kuna mtu amemsemea Madam wetu," alisema. Mama yake akainama kupuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Muhula ulipokaribia kuisha, Afisa Elimu Kata alikuja kukagua, akaketi nyuma ya darasa la A. Perpetua aliandika ubaoni: *where is mother she is at home*. Akawataka watoto waweke alama. Kisha akasikia kitu chini ya madawati: puu, puu, za chinichini, kama mvua inayoanza. Watoto wake walikuwa wakisoma midomoni na kupiga miguu. Mikono kadhaa ilikunjwa juu ya vichwa, ikashushwa haraka. Walikuwa wamejifunza hayo njiani, kwa wenzao wa B. Kila aliyeinuka kwenda ubaoni alipatia.

"Mwalimu, hongera sana!" Afisa alisema. "Mbinu hii umeitoa wapi?"

Jina lilikuwa pale pale mdomoni. "Ni ya hapa hapa shuleni," Perpetua alijibu.

Basi akaalikwa kuwaonyesha walimu wa kata nzima. Evelyne alimpa mkono ofisini. "Hongera, Madam." Macho yake hayakuwa na hasira. Perpetua angependa yawe nayo.

Siku ya semina ukumbi ulijaa. Perpetua alionyesha nukta, mkato na alama ya kuuliza. Walimu wakacheka, wakapiga miguu, naye kwa mara ya kwanza akaonja alichokuwa akionja Evelyne kila siku. Kilikuwa kitamu mno. Halafu mwalimu mmoja akauliza, "Na maneno ya mtu yanaponukuliwa, alama za kufungua na kufunga usemi, mtoto afanyeje?"

Perpetua alisimama na chaki mkononi. Hakujua. Angeweza kubuni, na pengine wasingegundua. Lakini Evelyne alikuwa ameketi mstari wa mwisho, na vidole vyake viwili vya kila mkono vilikuwa vimeshainuka kando ya masikio bila yeye kujitambua.

"Muulizeni mwenyewe," Perpetua alisema. "Mbinu ni yake. Mimi nimeiiga kwa watoto."

Mwalimu Mkuu aliangalia chini. Evelyne akaja mbele, na ukumbi ukamfuata kama lilivyomfuata darasa la B.

Wakiwa njiani kurudi, upepo wa baridi ukiwapiga usoni, Evelyne aliuliza, "Aliyenisemea kwa Mkuu ni wewe, Madam?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu ya kelele?"

"Kwa sababu ya Fransiska. Anakupenda."

Evelyne alikaza mtandio wake. Walitembea hadi kwenye njia panda. "Sijui nikujibu nini," alisema hapo. "Kesho nitakusalimu kama kawaida. Leo niache niende." Akashika njia yake.

Kweli kesho yake alimsalimu, na juma hilo Mkuu akaruhusu miguu ipigwe mikondo yote miwili. A nao sasa wanapiga, tena vizuri. Lakini ukuta ukitikisika kutoka upande wa pili, na Perpetua akaitambua sauti ya mwanawe juu ya za wengine wote, bado huwaambia wanafunzi wake wasome tena, kwa nguvu zaidi.