Shati la Tatu

Harufu ya kitenge kipya, kile ambacho bado hakijaguswa na maji, inanichefua hadi leo. Wenzangu wakiinusa hukumbuka harusi na Krismasi. Mimi hunirudisha kwenye moshi wa soseji na aibu. Mwaka huo wa 2017 nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Berea, mtaa wa Johannesburg, katika chumba kimoja cha fleti tuliyogawana na familia nyingine mbili. Mama alikuwa fundi cherehani. Kila mwaka kabla ya Pasaka alishuka Fordsburg, akabishana na wauza vitambaa mpaka wakachoka wao, akarudi na kitenge cha yadi sita. Kutoka hicho kimoja alishona nguo tatu: gauni lake, gauni langu, na shati la papa. Papa ndiyo baba, kwa sisi watu wa Lubumbashi. Huko kwao ndivyo walivyofanya, nyumba moja kitambaa kimoja. "Hata tukipotezana sokoni," mama alikuwa akisema, "tutajuana kwa nguo." Safari hiyo kilikuwa cha manjano, chenye ndege wa bluu wakubwa kama kuku. Nilikipenda, jamani, sitasema uongo.

Papa alikuwa mlinzi katika mji mdogo wa wakulima, mwendo wa saa tatu kutoka Johannesburg. Pasaka alikuja, akavaa shati lake kanisani, tukapiga picha, akaondoka nalo. Kabla hajaondoka alinisimulia sherehe ya mji ule: kila Septemba mipichi inapochanua, maduka hufungwa, matrekta hupambwa maua, na watoto huvikwa mataji. "Mje," aliniambia. "Mtanikuta getini." Basi mimi nikaanza kuhesabu miezi. Julai alipiga simu mara moja tu, akasema huko kwake baridi ni kali na mipichi bado imelala. Agosti simu yake haikupatikana kabisa. Jirani yetu, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, alisema dalili ya mvua ni mawingu. Mama akamjibu kwamba simu imeharibika, na kwamba subira huvuta heri, kisha akarudi kwenye cherehani lake na kukanyaga kwa nguvu kuliko kawaida.

Siku yenyewe tulivaa manjano yetu. Mama alipiga pasi magauni mara mbili, akafunga bukari, yaani ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya bakuli la plastiki, kwa sababu papa alilalamika siku zote kwamba chakula cha huko hakishibishi. Getini tulimkuta mlinzi kijana tusiyemjua. "Labda ni zamu ya mwenzake," mama akasema, tukaingia. Loo, uwanja ule! Bendi ya shule ilipuliza matarumbeta, nusu yao wakikosea. Vibandani waliuza jemu na chapati nyembamba zilizonyunyiziwa mdalasini. Trekta lilipita limefunikwa maua ya waridi mpaka dereva haonekani. Bibi mmoja mwenye kofia alinivika taji la maua ya karatasi, akanipapasa shavu. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, na naisema hivyo bila haya.

Ndipo nikawaona ndege wa bluu. Walikuwa mgongoni mwa mwanamume aliyepanga foleni ya soseji, na kitambaa kile hakukuwa na mwingine uwanjani aliyekivaa isipokuwa sisi. Nilikimbia, taji likaanguka, nikamkumbatia kiuno kwa nyuma nikipiga kelele, "Papa! Papa!" Watu wakacheka kwa upole, kama wanavyocheka wakiona jambo zuri. Mwanamume akageuka. Hakuwa papa.

Alikuwa mtu wa Kigoma, mlinzi pia. Alilitazama gauni langu, akamtazama mama aliyekuwa anakuja mbio na bakuli lake, kisha akalitazama shati alilolivaa, akaelewa kabla yetu. "Eish, shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuwaambia? Aliondoka tangu Juni. Alisema anakwenda Cape Town, na kwamba atawapigia mwenyewe. Nguo zake aliniachia." Juni! Na Julai alinisimulia mipichi. Mtoto wa miaka kumi anajua hesabu hiyo. Yule bwana akaanza kufungua vifungo, pale pale mbele za watu, maskini, alivyoona aibu. Mama akamshika mkono. Akapitisha kiganja begani mwake, polepole, kama anavyompima mteja. "Usilivue, kaka," akasema. "Linakubana mabegani tu." Kisha akampa bakuli. Mtu wa Kigoma alikula amesimama, kwa kuwa hakujua namna ya kukataa, na sisi tukamngoja amalize ili tuondoke na chombo chetu.

Papa hakupiga simu tena. Leo mimi ni mtu mzima, nasuka nywele Joubert Park, na bado tunaishi Berea ile ile. Macho ya mama yamechoka. Uzi humtungia sindanoni mimi. Lakini kila mwaka anashuka Fordsburg na kila mwaka anakata nguo tatu. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, ila hawakumjua mama yangu. Mashati yamejaa kabatini mpaka mlango haufungi, yote mapya, yote yananuka harufu ya dukani. Mwaka jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia harudi, mama, harudi, unamshonea nani? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeondoka. "Vipimo vyake ninavyo," akanijibu, akaendelea kukata.

Yeye angalau ana vipimo. Mimi sura ya papa imeshanitoka. Nikifumba macho kumtafuta, naona mgongo wa manjano wenye ndege wa bluu, naukimbilia kwa mbio zangu zote, na kabla haujageuka najua tayari kwamba si yeye.